Begi la Mtoto Lina Kilo Ngapi?

 

Leo nakuomba uende pale kwenye msumari ambapo mtoto ametundika begi lake la shule. Liinue kwa mkono mmoja. Likikulemea wewe uliyezoea mtungi wa maji, basi fikiria mabega ya huyo mtoto.

Mama mmoja alimleta bintiye wa Gredi ya 5 kliniki. Mtoto alikuwa akilalamika shingo na mabega, na mama alikuwa amempa dawa za maumivu wiki mbili mfululizo. Nilimpima mtoto, akawa na kilo 26. Kisha nikalitundika begi lake kwenye ile mizani ya kuning'iniza tunayopimia watoto wachanga. Kilo 6 na nusu! Hiyo ni robo ya uzito wake. Tukalimwaga lote juu ya benchi. Mlikuwa na vitabu vya masomo ya wiki nzima, chupa ya maji ya lita moja na nusu, chakula cha mchana, sanduku la rangi, udongo wa kufinyangia uliokwisha kutumika zamani, na madaftari matatu ya kakake. Mama alicheka, kisha akanyamaza. Dawa ya maumivu haipunguzi kilo.

Kipimo chenyewe si kigumu. Ushauri unaotolewa na wataalamu wengi ni kwamba begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto, na likizidi hapo lisipite asilimia 15. Mtoto wa kilo 20 abebe kilo 2, na asipite 3. Wa kilo 30 abebe kilo 3, na asipite 4 na nusu. Huna mizani nyumbani? Muuza nafaka au mwenye bucha atakupimia begi, hakatai.

Begi likiwa zito, mtoto huinama mbele ili asivutwe nyuma. Shingo inatokeza, na misuli ya mgongo inafanya kazi njia nzima. Mikanda ikiwa myembamba inakata mabega na kubana mishipa, ndiyo maana wengine husema vidole vinawasha au vinakufa ganzi. Akibeba kwa bega moja, kama wavulana wakubwa wanavyopenda, anapinda upande. Kuna watu wanaosema begi zito humpinda mtoto uti wa mgongo maisha yake yote. Hilo halijathibitishwa, na sitaki kukutisha nalo. Lakini maumivu, uchovu na kuanguka akivuka mtaro, hayo tunayaona.

Sasa twende sokoni. Najua sweta ya shule tunanunua kubwa ili mtoto aikulie. Begi usinunue hivyo. Nenda na mtoto mwenyewe, alivae pale pale. Sehemu ya juu isipite mabega, na ya chini isiteremke chini ya kiuno zaidi ya upana wa kiganja. Begi linalogonga makalio linamvuta nyuma hata kama halina vitu vingi, na begi kubwa halikai tupu, mtoto atalijaza tu.

Tazama mikanda. Iwe miwili, mipana kama vidole vitatu vya mtu mzima, na yenye sponji. Iwe inaweza kufupishwa, kwa sababu kazi yake ni kulibana begi mgongoni lisicheze. Upande unaogusa mgongo nao uwe na sponji, la sivyo kona ya kitabu itamchoma. Ukipata lenye mkanda wa kufunga kifuani au kiunoni, vizuri zaidi. Liinue likiwa tupu: kuna mabegi ya plastiki ngumu yenye picha za katuni na magurudumu ambayo ni mazito kabla hujatia hata penseli. Mitumba nayo usiidharau. Mara nyingi utapata begi lililoshonwa imara kuliko jipya la bei hiyo hiyo. Kama mikanda ni myembamba, fundi wa viatu atakuongezea sponji. Na kwa mtoto anayetoka alfajiri kandokando ya barabara, tafuta lenye utepe unaong'aa ukimulikwa na taa za gari.

Mifuko ya ndani si urembo. Kitabu kizito kikae karibu na mgongo, vyepesi mbele, na chupa ya maji ikae mfuko wa kando, mbali na vitabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Sisemi mtoto aende bila maji, la! Ila kama shule ina maji salama ya kunywa, ampe mwalimu salamu na ajaze chupa huko huko. Jioni kaa naye na ratiba ya masomo mtoe yasiyo ya kesho. Muulize mwalimu kama vitabu vingine vinaweza kubaki darasani.

Kwa aliye na tableti, au kijana wa chuo mwenye kipakatalishi, kifaa hicho kikae katika mfuko wake wenye sponji, upande wa mgongoni, bila kugusa sakafu ya begi, maana begi hutupwa chini. Chaja na nyaya ziwe mfuko mwingine. Kizimwe kabla ya kuwekwa, kwa sababu kikiwaka ndani ya begi kinapata joto na betri inaharibika. Kipakatalishi kimoja na chaja yake huweza kufika kilo 2 au zaidi, kwa hiyo vitabu vipungue siku hiyo.

Neno moja la mwisho, na hili lisikilize vizuri. Maumivu ya begi hupungua mtoto akipumzika wikendi au begi likipunguzwa. Yakiendelea, usilaumu begi tena. Mlete kituo cha afya upesi akiwa na maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, homa, jasho la usiku, akikonda, miguu ikilegea, akishindwa kuzuia mkojo, au ukiona nundu imetokeza katikati ya mgongo. Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake, huweza kula mifupa ya uti wa mgongo, na mtoto anaweza kupooza akicheleweshwa. Kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Ukija naye, njoo na begi pia. Mizani ipo.