Upole wa Duma ni Somo kwa Nyumba Zetu

Katika karne ya 12, kwenye ngome ya Shayzar katika nchi ya Sham, aliishi Usama bin Munqidh, mpiganaji na mwanafasihi. Katika kumbukumbu zake ameeleza habari za duma wa baba yake, mnyama hodari sana wa kuwinda paa. Duma huyo akikaa ndani ya nyumba yao na kuhudumiwa na mtumishi wa kike. Humo humo walifugwa paa, naye hakuwadhuru wala kuwatisha. Ukali wake ulikuwa wa mawindoni. Nyumbani alikuwa mpole.

Ndugu msomaji, duma ndiye mwenye mbio kuliko wanyama wote wa nchi kavu. Kwa muda mfupi hukaribia kilometa 100 kwa saa. Hata hivyo hangurumi kama simba, bali hukoroma kama paka, na mama huwaita wanawe kwa mlio mwembamba mithili ya ndege. Simba au fisi wakimjia, mara nyingi huwaachia windo lake na kwenda zake. Mwili wake ni mwepesi, na riziki yake i katika miguu. Windo lililopotea leo huweza kupatikana kesho, lakini duma aliyevunjika mguu katika ugomvi hana kesho.

Ni magomvi mangapi ya nyumbani huanzia kwenye chumvi iliyozidi au neno lililotamkwa kwa uchovu? Anayenyamaza hapo hajashindwa. Amelinda ndoa yake na utulivu wa watoto wanaosikiliza nyuma ya mlango. Wapo miongoni mwetu walio wapole barazani na wakali wakivuka kizingiti cha nyumba zao. Hao wamegeuza mambo, ilhali Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mbora wetu ni yule aliye mwema kwa watu wa nyumbani kwake.

Lakini upole nao unahitaji mlinzi. Kwa kuwa duma hufugika kwa wepesi, watoto wake hunyakuliwa huko Pembe ya Afrika na kuvushwa bahari kwa magendo, wakauzwe Ghuba kama mapambo ya matajiri. Wengi hufa njiani. Falme za Kiarabu zilitunga sheria mwaka 2016 kuwazuia watu binafsi kufuga wanyama wakali, duma akiwemo.

Majumbani hali hufanana. Mke asiyelalamika huongezewa mzigo; mtoto asiyelia husahauliwa; yaya mnyenyekevu hucheleweshewa ujira wake. Kimya chao tusikifanye ruhusa. Usiku wa leo, kila mkuu wa nyumba amtazame aliye mpole kuliko wote chini ya paa lake, kisha amuulize kwa sauti ya chini kama yu salama, na asubiri jibu.

Wabillahi tawfiq.