Sauti ya Fanani: Jinsi ya Kuwasilisha Wimbo

Ukiulizwa katika karatasi ya fasihi ueleze jinsi utakavyowasilisha wimbo mbele ya hadhira, usiandike tu "nitabadilisha sauti" kisha ukarukia hoja nyingine. Sauti itabadilika vipi, wapi na kwa nini? Hapo ndipo alama zilipo. Ukipanda jukwaani siku ya tamasha la muziki, swali ni lile lile, ila safari hii jibu linasikika.

Anza na pumzi. Sauti hutokea hewa ya mapafuni inapopita kooni na kuzitikisa nyuzi za sauti. Hewa ikiwa haba, koo hulazimishwa kufanya kazi isiyo yake, nawe huishia kupiga kelele. Simama wima, weka kiganja tumboni juu kidogo ya kitovu, kisha vuta pumzi. Kiganja kikisukumwa nje, umefaulu. Mabega yakipanda, rudia. Sasa itoe hewa hiyo polepole kwa kutamka "sss" mpaka iishe. Ukifanya hivyo kila siku utaona muda ukirefuka.

Pumzi nayo ina mahali pake. Katika shairi la mizani 16, mshororo hugawika vipande viwili, ukwapi na utao, kila kimoja mizani 8. Vuta pumzi baina ya vipande hivyo au mwishoni mwa mshororo, kamwe si katikati ya neno. Anayelikata "mapambazuko" baada ya "mapa" huiachia hadhira kitendawili.

Kisha zingatia aina ya wimbo. Bembelezi hutaka sauti ya chini na mapigo ya taratibu; ukiiimba kwa nguvu za hodiya, mtoto unayembembeleza ataamka! Hodiya ni wimbo wa kazi, kwa hivyo mapigo yake hufuata jembe au mchi, na kiitikio huangukia pale chombo kinaposhuka. Mbolezi ndiyo huwashinda wengi, kwa sababu hudhani kuomboleza ni kulia. Ukilia kweli koo hukaza, maneno yakapotea, na hadhira isijue nani amefariki. Onyesha huzuni kwa kupunguza kasi, kwa uso, na kwa kimya kifupi kabla ya kulitaja jina la marehemu. Kimya hicho hufanya kazi kuliko machozi.

Koo pia lina haki yake. Usishangilie mpira uwanjani Ijumaa ukitarajia kuimba Jumamosi. Maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti, kwani hupitia njia ya chakula. Mwili huyafikisha baadaye. Basi kunywa tangu asubuhi, si ukiwa mlangoni pa jukwaa. Sauti ikikauka, nyamaza. Kunong'ona kwa nguvu huichosha zaidi. Nawe mvulana ambaye sauti inavunjika, usizilazimishe noti za juu. Mwombe mwalimu aushushe wimbo. Ukwaruzo ukizidi wiki 3, mwone daktari.

Zoezi
Wewe ni fanani na umealikwa kuimba mbolezi katika mazishi ya mwalimu aliyependwa na wengi. Eleza mambo manne utakayofanya kwa sauti na uso wako, na utoe sababu ya kila moja. (alama 8)