Mwenye kuiba kasha la mjane ameiba nini?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuyajua ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunataka kuzungumza juu ya wizi usiosikika sana, kwa sababu mwizi wake havunji mlango. Huingia kwa salamu, hukaribishwa kahawa, na pengine huitwa mjukuu. Anayeibiwa ni mzee asiyeona vizuri, mgonjwa asiyeinuka kitandani, mjane anayeishi peke yake. Na kinachoibwa ni kile kidogo alichokitunza umri wake wote.

Tuliwahi kuletewa shauri la namna hiyo katika mji mmoja wa mwambao. Bibi mmoja, mjane aliyepindukia miaka 80, alikuwa na kasha la mbao alilorithi kwa baba yake, nahodha wa majahazi. Ndani yake mlikuwa na riale 11 na kifuko cha pesa za shaba za Sayyid Barghash. Riale hizo ni zile za fedha zenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Zote zina mwaka 1780, mwaka aliofariki, kwani ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo baada yake, na katika karne ya 19 zilitumika kwa biashara kuanzia nchi za Bahari ya Sham hata Unguja. Kila moja ina fedha halisi ya gramu 23 na ushei. Pesa za Barghash zilipigwa mwaka 1299 Hijria, takriban 1882 Miladia, na upande mmoja zina picha ya mizani.

Bibi huyu hakuwa akiziuza wala kuzivaa. Kila Idi alizitoa akazipanga juu ya mkeka, akawasimulia wajukuu safari za babu yao. Macho yalipoingia mtoto wa jicho, akawa anazihesabu kwa vidole. Siku moja akasema kwamba zilizomo kifukoni si zake. Watu wa nyumbani wakazitikisa, zikalia, wakamwambia: Bibi, ni uzee tu, umesahau. Akarudia maneno yake mwezi mzima, na kila mara akajibiwa hivyo hivyo. Kifuko kilipofunguliwa na mtu mwenye macho, vilionekana vipande vya chuma vya mviringo. Hapo akatafutwa wa kulaumiwa, na lawama ikamwangukia msichana wa kazi. Akafukuzwa bila mshahara wa mwezi wake.

Baada ya miezi kadhaa, sonara mmoja alikuja kutuuliza kuhusu riale nne alizozinunua kwa kupimiwa, kwa kuwa moyo wake haukutulia. Saba alikuwa amekwisha kuziyeyusha. Aliyemuuzia alikuwa mjukuu wa bibi yule.

Ndugu zangu, kisa hiki si kigeni katika historia ya dini yetu. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Sahaba Qatada bin Nu'man (r.a.) habari ya ami yake, Rifa'a bin Zayd, aliyekuwa mzee. Rifa'a alinunua shehena ya unga mweupe kwa msafara uliotoka Sham, akauweka katika chumba cha juu pamoja na silaha zake: deraya na upanga. Unga huo haukuwa kitu cha kila siku Madina, kwani chakula cha watu wake kilikuwa tende na shayiri. Usiku mmoja chumba kikatobolewa, unga na silaha vikachukuliwa.

Walipopeleleza, waliambiwa kwamba watu wa nyumba ya Banu Ubayriq walionekana wamewasha moto usiku ule. Nao wakaitupa tuhuma kwa Labid bin Sahl, mtu mwema, ambaye aliposikia alichomoa upanga wake kwa ghadhabu. Katika mapokezi mengine, aliyesingiziwa alikuwa Myahudi. Qatada akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akaomba silaha zirudishwe tu, ama unga hawana haja nao. Lakini jamaa za Banu Ubayriq walikwisha kukusanyika, wakatoa ushahidi kwamba watu wao ni wema na kwamba wanatuhumiwa pasi na ushahidi. Qatada akalaumiwa, akarudi akitamani heri angepoteza sehemu ya mali yake kuliko kulisema jambo lile. Mzee Rifa'a hakusema zaidi ya kwamba Mwenyezi Mungu ndiye wa kuombwa msaada.

Haukupita muda zikateremshwa Aya za Suratun Nisaa, kuanzia ya 105, zikimkataza Mtume kuwa mtetezi wa makhaini, na zikibainisha kwamba mwenye kutenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia amejitwika dhulma na dhambi iliyo wazi. Silaha zikarudishwa, na mzee yule akazitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu.

Tuyaweke mashauri haya mawili pamoja. Katika yote mawili mzee ameibiwa mara mbili: kwanza mali yake, kisha neno lake. Katika yote mawili ukoo umesimama kumkinga wa kwao, na asiye na wa kumtetea amebebeshwa mzigo. Na hili ndilo tunalotaka lieleweke: mwizi mmoja hawezi kumdhulumu mnyonge kiasi hicho peke yake. Husaidiwa na sisi tunaosema mzee amesahau, tunaosema tusiaibishe ukoo, tunaosema lazima ni mtumishi.

Tumewahi kusikia vijana wakijitetea kwa fiqhi. Husema kwamba wanazuoni wengi hawamkati mkono mjukuu aliyeiba mali ya bibi yake, kwa sababu ya shubuha ya nasaba. Hilo ni kweli. Lakini kuondolewa adhabu si kuhalalishiwa mali. Dhambi inabaki na dhamana inabaki: kitu kikiwapo kirudishwe chenyewe, kikiwa kimeteketea ulipwe mfano wake, na kisichokuwa na mfano ilipwe thamani yake. Na mwenye kununua hali akijua kuwa ni cha wizi ameshiriki dhambi, na sheria ya nchi nayo inamkamata. Mzee wa mtaa mzima anajulikana ana riale. Kijana asiye na kazi akizileta mezani pako, uliza kabla hujapima.

Nini basi kifanyike? Mwenyezi Mungu ametufundisha kuandika na kushuhudisha katika Aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul Baqara, na humo amemkumbuka mtu dhaifu asiyeweza kuimlisha mwenyewe, akaamrisha msimamizi wake aimlishe kwa uadilifu. Tumfanyie hivyo mzee wetu angali hai. Vitu vyake vya thamani vihesabiwe mbele yake na mbele ya mashahidi wawili, viandikwe, na nakala awe nayo mtu asiye mrithi. Akitaka kuvitolea wakfu au wasia, aandikiwe, na wasia usizidi thuluthi. Na akisema kitu chake kimepotea, tuanze kwa kumsadiki na kutafuta, tusianze kwa kumcheka.

Ama aliyekwisha kuchukua, mlango wa toba u wazi. Kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia hakutoshi katika haki za waja. Sharti la nne ni kuirudisha haki kwa mwenyewe, au kwa warithi wake akiwa amefariki. Anayeogopa aibu anaweza kuifikisha kwa mkono wa mwingine bila kutajwa jina.

Bibi yule alirudishiwa riale zake nne. Alizipapasa moja moja, akazitambua, kisha akauliza yuko wapi yule msichana, aitwe aombwe msamaha na apewe mshahara wake. Ikatumwa salamu kijijini kwao, lakini alikuwa amekwisha kuhama, na hadi leo hajapatikana. Mshahara ule umewekwa kando kwa jina lake. Kabla hatujamtaja mtu kwa wizi, tukumbuke kwamba riale nne zilirudi. Jina la msichana bado halijarudi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana za wanyonge wetu, wala asitujaalie kuwa watetezi wa makhaini. Amin.