Maumivu ya Taya kwa Wanaovaa Alaina na Riteina

Waraka huu umekusudiwa kaya zinazozungumza Kiswahili mjini Riyadh na Jeddah, wakazi wa Kandara wakiwemo. Alaina ni vifuniko vyembamba vya plastiki angavu vinavyonyoosha meno hatua kwa hatua. Riteina ni kifaa kinachoyazuia meno yaliyokwisha kunyooshwa yasirudi yalikokuwa. Vyote viwili huweza kuleta maumivu, lakini maumivu hayo ni ya aina mbili na hayatibiwi kwa njia moja.

Aina ya kwanza ni maumivu ya meno yenyewe. Kila alaina mpya husukuma meno kidogo, na nyuzi laini zinazoshikilia mzizi wa jino kwenye mfupa hubanwa. Maumivu huanza saa chache baada ya kuivaa, huzidi katika siku 2 za mwanzo, na kwa kawaida hupungua kabla ya wiki kwisha. Alaina huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Anayeivua siku nzima ili apumzike hujiongezea maumivu, kwa kuwa meno hurudi nyuma na kifaa hubana zaidi kikirejeshwa.

Aina ya pili hutoka kwenye misuli ya kutafunia na kiungo cha taya, kilichopo mbele ya sikio. Huhisiwa mashavuni, kwenye panja na sikioni, aghalabu asubuhi. Mara nyingi chanzo chake ni kukaza au kusaga meno, jambo ambalo mtu hulifanya usingizini au akiwa amezama kazini pasipo kujitambua. Wapo ambao plastiki iliyo kati ya meno huwashawishi kuiuma. Kazi ya saa nyingi, usingizi wa mapande na wasiwasi juu ya watoto walioachwa nyumbani huzidisha hali hii, hivyo si haki kukilaumu kifaa peke yake.

Ili kuipumzisha taya, funga midomo, acha meno yasigusane, na ulimi utulie kwenye kaakaa. Jikague hivyo mara kwa mara wakati wa kazi. Weka kitambaa chenye uvuguvugu mashavuni kwa dakika 15 hadi 20. Kula uji, wali laini au ndizi za kupikwa, na uache kutafuna ubani kwa muda. Panadol hufaa, ila mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina kiambato hichohicho.

Katika mwezi wa Ramadhani, meza dawa wakati wa kufuturu au wa daku. Vua alaina kabla ya chai au kahawa: joto huipinda plastiki, na sukari inayobaki ndani yake huozesha meno.

Riteina iliyokaa kabatini miezi kadhaa huenda isiingie tena. Usiilazimishe, wala usiipunguze kwa wembe au moto. Mpelekee daktari wa meno. Ikiwa mkataba wako wa kazi unakaribia kwisha, omba nakala ya picha za eksirei na mpango wa matibabu kabla ya kusafiri, ili daktari wa Mombasa au Dar es Salaam aendelee pale ulipoishia.

Muone daktari ikiwa maumivu yamepita wiki 2, taya inakwama, au mdomo haufunguki kiasi cha kupitisha vidole vitatu vilivyopangwa wima. Uso ukivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukishindwa kumeza au kupumua, piga simu 997 kuita gari la wagonjwa. Fanya hivyo pia ikiwa maumivu ya taya yanaambatana na kubanwa kifua, maumivu ya mkono, jasho baridi au kichefuchefu. Hiyo yaweza kuwa dalili ya moyo, na kwa wanawake kifua huenda kisiume sana.

Kwa ushauri, piga 937, nambari ya Wizara ya Afya, ukiwa na mtu anayejua Kiarabu au Kiingereza. Ukiwa peke yako mapokezini, sema "alam fil-fakk", yaani maumivu ya taya, kisha "taqwim asnan", yaani kunyoosha meno, na uwaonyeshe kifaa chako.