Kunde Katika Chungu Kinachokua

Sogeeni wanangu, nina chungu cha ajabu. Ndani yake mna kunde. Ukichota upawa mmoja, unapata kunde nane. Sasa chungu kinakua: urefu mara mbili, upana mara mbili, kina mara mbili. Kunde ni zilezile. Chota tena. Umepata ngapi?

“Nne, Mjomba!”

Umejaribu vizuri. Lakini chungu kimekua pande zote tatu. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Basi upawa uleule unatoka na kunde moja tu.

Chungu hicho ni ulimwengu wetu, maana unatanuka. Kunde ni maada ya giza. Haing’ai wala haizuii mwanga, ila ina uzito. Ukijumlisha nyota zote, bahari zote, wewe na mimi, yenyewe inatuzidi kama mara tano.

“Kama haionekani, tunaichotaje?”

Swali tamu hilo, mwanangu! Tumwulize Mwali wa mwanga, mtoto wa galaksi ya mbali.

“Nilipoondoka nyumbani,” asema Mwali, “ulimwengu ulikuwa nusu ya ulivyo leo. Ulipotanuka, nami nilinyooshwa. Pimeni wimbi langu, limerefuka mara mbili. Na njiani maada ya giza ilinivuta. Sikuiona, lakini njia yangu ilipinda. Ilipokuwa nyingi, nilipinda zaidi.”

Mnaona? Wimbi linatupa ukubwa wa chungu. Kupinda kunatupa wingi wa kunde. Zikiwa zamani zilisongamana mara nane ya leo, hakuna iliyopotea. Zikiwa zilisongamana zaidi ya hapo, basi kuna zinazooza na kugeuka kitu kingine. Nalipenda sana swali hili la kama kunde zinapungua, kwa kuwa hakuna ajuaye bado kunde hizo ni kitu gani.

Mwaka 2009 Ulaya ilirusha chombo kiitwacho Planck. Kilipima mwanga ulioanza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000 tu. Wakati huo maada ilisongamana zaidi ya mara bilioni moja kuliko leo! Na hesabu ya kunde za wakati ule inakaribiana vizuri na ya sasa.

“Kwa hiyo hazipungui, Mjomba?”

Kama zinapungua, ni kidogo mno kwa vipimo tulivyo navyo. Julai 2023 ilirushwa darubini nyingine, Euclid, ipige picha za galaksi zaidi ya bilioni moja, na kila Mwali aulizwe upya.