Sauti za Kariakoo Zilizolala Ghalani

Ukipita Mtaa wa Msimbazi leo utaona maduka, wachuuzi na wachukuzi wa mizigo. Lakini je, wajua kwamba Kariakoo ilikuwa pia mahali pa bendi za jazi? Kwetu jina hilo lilitumika kwa bendi yoyote ya dansi.

Mmoja wa wakuu wao alikuwa Michael Enoch. Mwaka 1960 alijiunga na Dar es Salaam Jazz Band, akapiga gita hata watu wakamwita King. Baadaye, katika Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978, alipiga hata saksafoni. Bendi hiyo ilichukua sikinde, ngoma ya Wazaramo, ikaitia katika magita na tarumbeta. Ndiyo maana huitwa Sikinde.

Nyimbo hizo zilinaswaje? Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri. Kwanza bendi zilikwenda Nairobi. Lakini mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, usifunguliwe hata mwaka 1983. Ikabaki studio ya Radio Tanzania. Humo wanamuziki walipiga wote pamoja, kama walivyopiga dansini. Wimbo ulitangazwa redioni, kisha utepe ukawekwa ghalani.

Mwaka 1994 baadhi ya nyimbo hizo za Mlimani Park zilitolewa Marekani na Africassette. Mwaka 2012 watu wa Tanzania Heritage Project walianza kuchanga fedha ili tepu za redio zihamishiwe kwenye kompyuta.

Kwa nini haraka hiyo? Utepe ni plastiki iliyopakwa unga wenye chuma. Unyevu ukiingia, gundi hulainika, unga hubanduka, na sauti hutoka pamoja nao. Ikishatoka hairudi.

Basi, baba na mama, tazameni sandukuni. Kama iko kaseti ya zamani, ya bendi, ya harusi au ya sauti ya bibi, msiiweke juani wala karibu na jiko. Msiipige ovyo, mpelekeeni fundi ainakili. Kisha waulizeni wazee ni nani aliyepiga gita, ni nani aliyeimba, na ilikuwa mwaka gani. Andikeni majibu kwenye daftari. Sauti mtaisikia katika utepe, bali jina la mpigaji hamtalijua wazee wasipowaambia.