Saa ya Dunia Hupatikanaje?

Wengi wetu tukitaka kujua saa tunaangalia simu, tukiamini kwamba mahali fulani ipo saa kuu ya dunia inayoiongoza. Saa hiyo haipo. Zipo saa za atomiki zaidi ya 400 katika maabara za nchi nyingi, na hakuna mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Saa ya kimataifa, yaani UTC, hutokana na wastani wa saa hizo. Hukokotolewa na Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani iliyoko Sèvres, karibu na Paris.

Lakini utapataje wastani wa saa zilizo mbalimbali hivyo? Zamani wataalamu walizibeba kwa ndege kutoka maabara hadi maabara. Mwaka 1980 Wamarekani David Allan na Marc Weiss walipendekeza njia nyepesi zaidi: kutumia setilaiti za GPS.

Tuchukue mfano wa kengele ya parokia inayosikika katika vigango viwili. Katekista wa kwanza anaandika kwamba kengele ilipolia, saa yake ilionyesha saa 12 jioni na sekunde 5. Wa pili anaandika saa 12 na sekunde 2. Kila mmoja akishaondoa muda ambao sauti ilikuwa njiani, tofauti ya saa zao inajulikana. Je, mpiga kengele aliwahi au alichelewa? Haidhuru! Kosa lake limeingia katika hesabu zote mbili, na tukitoa moja kwa nyingine linafutika. Ndivyo maabara mbili zinavyoitazama setilaiti moja kwa wakati uleule.

Ugumu uko kwenye ule muda wa njiani. Setilaiti iko juu kilomita 20,000 hivi, na mawimbi yake ya redio hucheleweshwa kidogo na tabaka za juu za anga. Hapa tunahesabu kwa nanosekunde, sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ambapo mwanga husafiri sentimita 30 tu. Kwa hiyo mahali antena ilipo hupimwa kwa uangalifu mkubwa, na hata waya unaoshuka kutoka kwenye antena lazima ujulikane unachelewesha kiasi gani.

Kila mwezi Sèvres hutoa waraka unaoieleza kila maabara ilivyotofautiana na UTC, lakini kwa siku zilizokwisha kupita. Kwa sasa hivi, kila maabara inakwenda kwa makadirio yake yenyewe, ikisubiri waraka ujao.